Ukuta wa duka ndio unaobeba ghorofa

Ndugu Mhariri,

Assalaamu alaykum. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na tunaomba radhi mapema kwa urefu, kwani jambo lenyewe lina hesabu, na hesabu haikatwi nusu.

Ni habari ya milango ya maduka. Hapa Mji Mkongwe wa Unguja, kuanzia Darajani, ukapita Mkunazini na Mchangani, mpaka Kiponda na Malindi, nyumba nyingi za zamani zina fremu za maduka chini na watu wanaishi juu. Siku hizi mpangaji mpya akishalipa kilemba, yaani pesa ya kuingilia dukani, kazi ya mwanzo ni kung'oa ile milango miwili ya mbao na kuufungua uso mzima wa duka: vigae chini, kioo mbele, geti la bati la kuviringisha juu. Kazi yenyewe hufanywa usiku, siku mbili tatu, kabla jirani hajauliza kibali kiko wapi. Wanaolala ghorofani hujua pale kabati lao linapoanza kuegemea mbele.

Ukuta uliokatwa hapo ndio unaobeba ghorofa zote mbili za juu. Aliyeujenga alikuwa na sababu ya kuacha milango miwili myembamba badala ya mmoja mpana, na sababu hiyo bado ipo ingawa yeye hayupo.

Mwanzoni mwa karne iliyopita mji ulikuwa unapanuka. Soko la Darajani lilifunguliwa 1904, Mahkama Kuu ya Vuga ikajengwa 1908, na watu wenye mitaji walijenga majumba ya kupangisha: duka mbele, stoo nyuma, familia moja au mbili juu. Kodi ya duka ndiyo iliyolipa jumba. H. V. Lanchester, mtaalamu wa mipango miji, alipoandika mpango wa kwanza wa mji huu mwaka 1923, nyumba nyingi za namna hii zilikuwa zimeshasimama, na waashi waliozijenga walikuwa na mpango wao ambao haukuhitaji karatasi. Ulianzia kwenye boriti.

Boriti ni mti wa mkoko, na nyingi zilikuja kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji. Ukiondoa vichwa viwili vinavyoingia ukutani, urefu unaobaki wa kufunika chumba ni mita 2.5 hadi 3. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Upana ni boriti, urefu ni uwezo wa mwenye nyumba. Boriti hulazwa kwa kukatisha upana, moja karibu na mwenzake, juu yake hupangwa mawe bapa, halafu humwagwa zege la chokaa na kokoto za matumbawe, likapigwa kwa vigongo siku kadhaa mpaka likashikana. Hiyo ndiyo sakafu. Mzigo wote wa sakafu unakwenda kwenye kuta mbili ndefu za chumba. Kuta fupi za pembeni hazibebi kitu kikubwa zaidi ya uzito wake zenyewe.

Sasa ingia dukani uangalie dari, kama haijafichwa kwa jipsamu. Kwenye nyumba nyingi chumba cha mbele kimelala sambamba na barabara, kwa hiyo vichwa vya boriti vinaingia kwenye ukuta wa mbele, ule ule wa milango. Ukiona boriti zinakwenda sambamba na barabara, mbele kuna nafuu. Ukiona zinakuja kwako kutoka nyuma, simamisha kazi kwanza.

Kanuni ya pili ya waashi wale inaonekana ukisimama upande wa pili wa barabara ukatazama juu: tundu juu ya tundu, ukuta juu ya ukuta. Dirisha la ghorofa ya kwanza liko juu ya mlango, dirisha la ghorofa ya pili liko juu ya dirisha, na vipande vya ukuta vilivyo baina yao vinashuka kama nguzo moja kutoka kwenye paa mpaka msingini. Ukiondoa kipande cha ukuta baina ya milango miwili ya duka, nguzo hiyo inabaki inaning'inia.

Tuweke namba. Chukua duka lenye uso wa mita 5. Ukuta una unene wa sentimita 55, jambo la kawaida hapa. Pembeni kuna ukuta wa sentimita 80, kisha mlango wa mita 1.2, kipande cha kati cha mita 1, mlango wa pili wa mita 1.2, na sentimita 80 nyengine. Juu kuna ghorofa mbili na paa la mabati. Ukuta wa mawe na chokaa una kama tani 1.8 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila ghorofa yenye kimo cha mita 3.5 inatua kwa karibu tani 3.5 kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Ghorofa mbili ni tani 7. Sakafu yenye unene wa sentimita 20 ni kilo 360 kwa mita ya mraba. Nusu ya chumba cha mita 3 inaangukia ukuta wa mbele, hiyo ni kilo 540 kwa kila mita, na sakafu ziko mbili. Madirisha yanapunguza, watu na makabati yanaongeza. Tuseme tani 8 kwa mita, bila ya kuzidisha. Uso wote wa duka unabeba tani 40, na kile kipande cha kati chenye upana wa mita moja kinabeba chake pamoja na nusu ya kila mlango, yaani zaidi ya tani 17 peke yake.

Fundi wa geti anakiondoa. Anakata na sentimita 10 kila upande ili reli za geti zikae. Kabla ya hapo tani 40 zilikuwa zinasimama juu ya mita 2.6 za ukuta, sawa na tani 28 kwa mita ya mraba. Sasa zinasimama juu ya vipande viwili vya sentimita 70, na kila mita ya mraba inabeba tani 52. Na badala ya nguzo, juu ya tundu la mita 3.6 hutiwa chaneli, chuma chembamba cha inchi nne, iliyochomewa kwenye fremu ya geti. Chaneli ile inafaa kubeba geti.

Kwa nini basi nyumba haianguki siku ile ile? Kwa sababu mawe hujitafutia njia. Juu ya tundu hujiunda upinde ndani ya ukuta, mzigo ukasukumwa pembeni kwa mshazari. Upinde huo unasukuma nje vile vipande vya pembeni, na vipande hivyo ndivyo vilivyopunguzwa. Kama duka la jirani lina ukuta wake kamili, hushika. Jirani naye akifungua lake, hakuna wa kushika. Tumeziona safu za maduka matatu yaliyofunguliwa moja baada ya jengine kwa miaka michache, na nyufa hazikutokea kwa wa mwanzo. Zilitokea kwa yule wa mwisho, naye ndiye aliyelaumiwa peke yake.

Dalili huja kwa mpangilio. Kwanza ufa wa mshazari kutoka pembe ya chini ya dirisha la ghorofa ya kwanza ukielekea kwenye pembe ya tundu jipya. Kisha dirisha linakataa kufunga. Kisha ufa mrefu sakafuni, sambamba na ukuta wa mbele, mahali boriti zinapoanza kuchomoka. Mwisho ukuta unaota tumbo. Kuta hizi zina nyuso mbili za mawe na katikati zimejazwa vifusi vya mawe madogo, udongo mwekundu na chokaa. Fundi akipiga tindo, ule ujazo wa kati humwagika miguuni mwake kama unga, na wengi huufagia tu na kuendelea. Ujazo ukishamwagika nyuso mbili hazishikani tena, kila mmoja unasimama peke yake na unene wa sentimita 20 hivi. Ukuta ulioota tumbo hausubiri masika ya pili.

Ikiwa lazima tundu lipanuliwe, na mhandisi amekubali, na kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kimo mkononi, kazi ina utaratibu wake. Haifanywi masika. Ghorofani huondolewa vitu vizito karibu na ukuta wa mbele. Sakafu ya juu ya duka huegemezwa kwa nguzo za chuma safu nzima, zikiwa zimekaa juu ya mbao nene ili zisitoboe chini, na sakafu ya ghorofa ya pili nayo huegemezwa, nguzo juu ya nguzo, wima mmoja. Nguzo za juu zikisimama katikati ya sakafu isiyoegemezwa chini, umehamisha mzigo tu. Halafu juu ya mahali patakapokaa mhimili, yaani chuma kizito cha kubeba ukuta juu ya tundu, hutobolewa matundu kwenye ukuta, yasiachane zaidi ya mita moja, na kila tundu hupitishwa chuma cha muda kutoka nje hadi ndani, chenye nguzo kila upande na kabari za mti mgumu. Kabari hugongwa mpaka chuma kibane jiwe. Hapo tu ndipo ukuta ukatwe.

Nao haukatwi wote. Unakatwa nusu ya unene kutoka upande mmoja, mhimili wa kwanza wa chuma unatiwa, unakazwa, kisha unahamia upande wa pili na kutia wa pili. Vichwa vya mihimili vikae angalau sentimita 30 juu ya ukuta, na chini ya kila kichwa pawe na kitako cha zege chenye upana wa ukuta wote na urefu wa sentimita 60, unene 25, ili mzigo usambae na usisage mawe. Nafasi baina ya mgongo wa mhimili na mawe ya juu ijazwe mota kavu, saruji moja kwa mchanga tatu, maji kidogo tu kiasi cha kushikana ukiifinya kwenye ngumi, na ishindiliwe kwa kipande cha mti. Mota ya majimaji hujikunja ikikauka, ukuta unashuka kuifuata, na ufa unatokea juu hata kama mhimili ni mzuri. Vyuma vya muda vibaki siku saba, kisha vitolewe kimoja kimoja. Na kwa vipande vya pembeni vya sentimita 70, tusishangae mhandisi akisema mihimili isimame juu ya nguzo zake yenyewe za chuma mpaka msingini. Ni ghali. Ndiyo bei ya kioo cha mita 3.6.

Wengi wakisikia hayo hurejea kwenye milango miwili. Milango miwili ya mita 1.2 ikifunguliwa mbao zake mpaka ukutani ina nafasi ya kutosha ya kuonesha kanga.

Kuna dhana nyengine inayoletwa kama dawa: kubomoa sakafu ya zamani na kumwaga zege la nondo, eti nyumba ipate wepesi. Zege la nondo la sentimita 15 lina kilo 360 kwa mita ya mraba, uzito ule ule wa sakafu ya sentimita 20. Hukupunguza kitu. Ulichofanya ni kuchimba mfereji ukutani pande zote nne ili zege likae, na mfereji huo umeukata ukuta wa pande mbili za mawe katikati ya unene wake. Zaidi ya hapo, zege halikubali kuyumba na ukuta wa chokaa unayumba kidogo kidogo kila msimu. Kisha likishapatikana zege, huonekana panafaa kuongezwa ghorofa ya matufali, na juu ya ghorofa tangi la maji. Tangi la lita 2,000 ni tani 2, limekaa juu ya eneo la meza. Mjenzi wa 1910 hakuliwekea hesabu tangi hilo. Familia yake ilichota maji chini. Likiwa halina budi, liwe chini uani na pampu ndogo, na juu libaki la lita 500 lililokaa juu ya makutano ya kuta mbili, kamwe si katikati ya chumba.

Tuje kwenye lipu. Duka likishafunguliwa hupigwa lipu ya saruji ndani na nje, chini vigae, ukutani vigae mpaka kiunoni. Pasafi, panang'aa. Kuta za zamani hazina kizuizi cha unyevu chini; zinanyonya maji kutoka ardhini pamoja na chumvi, na tangu zilipojengwa zilikuwa zinayatoa kupitia lipu ya chokaa, ambayo inapumua. Ukifunga sakafu kwa vigae, unyevu uliokuwa unatoka chini unahamia ukutani. Ukifunga ukuta kwa saruji, unapanda kutafuta mahali pa kutokea. Mahali pa mwanzo ni pale saruji inapoishia, juu kidogo ya dari ya duka. Na hapo ndipo vilipo vichwa vya boriti.

Kichwa cha boriti kilichokaa kikavu huweza kuishi miaka mia. Kikilowana na kukosa hewa, kinaoza ndani huku nje kinaonekana kizima, na mchwa hapendi kitu kuliko mti uliolainika. Kipimo chake hakihitaji mashine. Chukua bisibisi, ibonyeze kwenye boriti katikati ya chumba, usikilize mkono wako. Kisha ibonyeze pale boriti inapoingia ukutani. Ikiwa katikati inagoma na ukutani inazama kama kwenye muhogo uliochemka, boriti hiyo imekatika tayari, inashikwa na sakafu iliyo juu yake badala ya kuishika. Boriti mpya ilazwe pembeni ya mbovu kabla mbovu haijatolewa, na kichwa chake kisizungushiwe saruji. Kiachiwe uwazi wa kidole pande zote ili hewa ipite. Boriti nene siku hizi ni adimu na ukataji wa mikoko una vibali vyake, kwa hiyo mbao ngumu iliyopasuliwa inakubalika, mradi ikae mahali pale pale na kwa idadi ile ile.

Kwa lipu yenyewe, chokaa bado inachomwa kisiwani. Ichukuliwe iliyozimwa vizuri, ilowekwe shimoni wiki tatu kwa uchache, miezi mitatu ikiwezekana. Vipunje visivyozimika vikiingia ukutani huja kuvimba baadaye na kutoboa lipu kama tetekuwanga. Mchanga uwe wa bara uliooshwa. Ndoo moja ya chokaa, ndoo tatu za mchanga. Ukuta unywe maji kwanza. Kila mkono wa lipu, yaani kila tabaka, usizidi milimita 12, na unaofuata usubiri wa kwanza ukaze. Magunia mabichi yatundikwe juu yake siku kadhaa, kwa kuwa chokaa ikikaushwa na jua kabla haijashika hupasuka na kupukutika. Hapa ndipo mafundi wanaposhindwa: si ugumu, ni kungoja. Saruji inamaliza kazi Alkhamis na Ijumaa mwenye duka anaswali akiwa hana deni la fundi. Chokaa inataka mwezi.

Adui wa ndani ni choo. Nyumba hizi zilijengwa na vyoo vyake chini au pembezoni, na kila familia ya ghorofani ilipojitia choo cha kuvuta maji, ilikitia pale ilipopata nafasi, mara nyingi juu ya chumba cha kati. Paipu ikafichwa ndani ya ukuta. Kiungo kikivuja, sakafu ya chokaa inakunywa maji kwa miezi kabla tone la kwanza halijaonekana dukani, na siku linapoonekana boriti sita zimeshalowa. Vyoo viwe kimoja juu ya chengine, kwenye ukuta unaopakana na ua wa ndani, na paipu ziteremke nje ya ukuta, zionekane. Watu wanaona paipu ya nje inachafua sura. Paipu inayoonekana ndiyo inayotengenezwa. Iwe ya milimita 100, na inapolala iteremke sentimita 2.5 kwa kila mita. Ikiwa bapa inaziba, ikiwa kali sana maji yanatangulia na kuacha uchafu nyuma. Juu ipande mpaka ivuke paa ili ipumue. Chini iwe na sanduku la ukaguzi kabla ya karo, yaani shimo la maji machafu, na mfuniko wake usizikwe chini ya vigae vya duka, kama tulivyouona umezikwa mara nyingi.

Ngazi pia. Katika mpango wa zamani ngazi ya makaazi ina mlango wake wa barabarani, mbali na duka. Siku hizi chini ya ngazi ndipo pa kuhifadhia magodoro, maboksi na mitungi ya gesi, na mlango wa ngazi umeshakodishwa kwa muuza simu. Ngazi yenyewe ni ya mbao na ni moja. Watu wa juu watapita wapi, hatujui kama kuna aliyejiuliza.

Yote haya yanawahusu pia wanaojenga majumba mapya ya maduka na fleti pembezoni mwa Mji Mkongwe. Ardhi ya Darajani na njia yote ile ya kuelekea Mnazi Mmoja ilikuwa mkono wa bahari uliotenganisha Mji na Ng'ambo. Daraja lilikuwapo kweli, jina halikutoka hewani. Ulifukiwa hatua kwa hatua katika karne iliyopita. Chini kuna kifusi, chini ya kifusi kuna tope, na maji ya chini yanafuata bahari. Anayechimba shimo la majaribio siku ya maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, akakuta pakavu kwa mita moja na nusu, akaandika "pakavu", amejidanganya. Shimo liachwe wazi, lipimwe tena maji bamvu, siku za kujaa na kupwa kukubwa, bahari ikiwa imejaa, asubuhi na jioni, siku tatu mfululizo. Tofauti ya kujaa na kupwa hapa hufika karibu mita 4 kwenye bamvu, na sehemu ya tofauti hiyo inaingia shimoni kwako. Msingi unaolowa na kukauka kila siku unataka zege zito na nondo iliyofunikwa kwa sentimita 5 kamili, na mchanga usiwe wa pwani kwa hali yoyote. Chumvi inakula nondo, kutu inavimba, zege linapasuka mstari mmoja ulionyooka sambamba na nondo, wenye rangi ya chai. Uhaba wa mchanga tunaujua. Bei yake tunaijua. Nondo haijui bei.

Na kwa ramani za majumba hayo mapya, kanuni ni ile ile ya tundu juu ya tundu. Tunaona michoro ambamo chini kuna ukumbi wazi wa maduka, na juu kuta za fleti zimepangwa kwa mapenzi ya mchoraji, hakuna hata moja iliyokaa juu ya nguzo. Mihimili ya sakafu ya kwanza inabeba kuta kumi zinazoanzia katikati yake. Inawezekana, kwa nondo nyingi. Ila mwenye jengo akifika hapo huanza kupunguza nondo.

Tunarejea kwenye nyumba za zamani, kwani kuna suali la nani alipe. Duka lina mpangaji, ghorofa ya kwanza ina mwengine, ya pili ina warithi, na nyumba yenyewe pengine ni wakfu. Sheria ya Kondominiamu ya 2010 ilitungwa kwa majengo yenye wamiliki wengi wenye sehemu za pamoja, na hilo ni jema, lakini nyumba hizi nyingi hazina mkataba wa pamoja wa aina yoyote. Pendekezo letu ni dogo: kibali chochote cha kugusa ukuta wa mbele wa duka kisikubaliwe bila ya saini za wakaazi wote wa juu, pamoja na mchoro mmoja unaoonesha boriti zinaelekea wapi. Mchoro huo fundi yeyote anauchora kwa nusu saa. Bila ya mchoro huo, anayetia muhuri hajui anachokiidhinisha.

Watakaosema tunatisha watu, waende Forodhani. Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme, ilijengwa 1883, ikahimili mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896, na sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Disemba 2020, ikaondoka na roho za watu wawili. Ilikuwa chini ya matengenezo, ina walinzi, ina wataalamu. Nyumba ya duka ya Mkunazini haina hata mmoja.

Kwa anayelala juu ya duka lililofunguliwa karibuni na hana wa kumuuliza, afanye hivi leo. Atafute ufa. Kwenye kila ncha yake apige mstari mdogo kwa penseli na aandike tarehe. Katikati ya ufa abandike kipande chembamba cha kioo, urefu wa kidole, kwa saruji kidogo kila upande, ncha moja huku na nyengine kule. Asubiri. Ufa uliokufa haukivunji kioo. Kikivunjika ndani ya mwezi, au ufa ukavuka mstari wa penseli, nyumba bado inatembea, na hapo aende kwa mhandisi akiwa na kipande cha kioo mkononi na tarehe mbili, ile ya kubandika na ile ya kuvunjika. Na kitanda akihamishie ukuta wa nyuma.

Wasaalamu,

Waashi na maseremala wa nyumba za chokaa,
Malindi, Unguja